Mwambie Simiyu Ana Virusi

Alikuwa akivua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta kama mtu anayeingia nyumba yenye zulia jipya, na alitaka kila mtu avue. Madaktari walivua. Msimamizi wa hospitali alivua pia, soksi yake ikiwa na tundu kwenye kidole gumba, na mwenye chumba akaangalia dirishani kwa heshima mpaka mkubwa huyo akaketi. Alisema vumbi la Kitale ni jekundu na lina hila, linaingia mahali ambapo hata maji hayaingii.

Tulimwita Madam wa Seva, kwa kuwa ndiye aliyetunza seva, ile kompyuta kuu ya hospitali. Baadaye tukakata, tukabaki na Madam tu, ingawa hospitali ile ya misheni ilikuwa na akina madam wengi. Mimi nilikuwa karani wa rekodi. Kati ya meza yangu na yake kulikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hivyo kwa miaka mingi nilijua akikohoa, akiimba, na akigombana na mashine zake. Aliimba sauti ya pili hata akiwa peke yake, akiacha nafasi ya sauti ya kwanza ambayo hakuna aliyeisikia.

Hakupenda ujumbe mfupi wa simu. "Mtu anayeandika hataki kusikia jibu," alisema. Yeye alipiga. Alipiga hata kwa jambo la neno moja, na alizungumza kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Ukimwona siku ya kwanza ungedhani ni mtu mgumu. Alikuwa mgumu kweli. Lakini kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye kijana wake alikuwa ng'ambo akisoma, na kila picha iliyotumwa na kijana yule Madam aliichapisha kwa rangi kwenye mashine ya ofisi, kisha akaipeleka wodini ikiwa imefichwa ndani ya bahasha kubwa ya eksirei. Wino wa rangi ulikuwa umekatazwa. Aliyeukataza ni yeye mwenyewe.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni kile kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni. Jua likiwa kali mchana alikifunua ili kipumue. Wataalamu wanakiita ukuta wa moto. Sisi tulikiita geti. Hospitali ilipounganishwa na mtandao, pamoja na kliniki yetu ndogo ya mjini Bungoma, kila kitu kilichoingia au kutoka kilipitia hapo: barua pepe, picha, ripoti. Geti ilikuwa na orodha ya alama za virusi vya kompyuta vinavyojulikana duniani, na kila asubuhi iliongezewa alama mpya kutoka kwa walioiunda. Faili ikipita, geti inaichungulia. Ikiona alama inayofanana, inaifungia nje na kumwandikia Madam jina la virusi na mahali vilipotoka.

"Nimemkamata mwingine!" tungesikia ng'ambo ya mbao. Siku kama hiyo alikunywa chai mbili.

Geti haikujua mkubwa wala mdogo. Wakati mmoja kasisi wa hospitali alitumiwa mahubiri ya Pasaka na mwenzake, geti ikayazuia. Kasisi akaja, akavua viatu, akasimama na soksi zake nyeupe.

"Madam, hayo ni maneno ya Mungu."

"Maneno ni ya Mungu, Pasta. Faili ni ya binadamu."

"Sasa nihubiri nini?"

"Si Pasta anaijua Biblia?"

Akahubiri bila karatasi, na watu wakasema hajawahi kuhubiri vizuri hivyo. Madam alilisimulia hilo mara nyingi kama ushahidi. Alikuwa na msemo wake: "Mashine haina shangazi." Alimaanisha kwamba mashine haimpendelei mtu, haina wa kwao, haichukui kitu kidogo. Katika nchi yetu, alisema, ukipata kitu kisicho na shangazi ukishike kwa mikono miwili. Sidhani kama wakati huo alijiuliza hata mara moja kama mahubiri ya kasisi yalikuwa na virusi kweli.

Simiyu alikuwa karani wa kliniki ya Bungoma. Kijana wa Kabuchai, mrefu, mpole, mwenye mwandiko ambao ungedhani umechapishwa. Kila Ijumaa alitutumia ripoti ya wiki: wagonjwa wangapi, dawa gani zimebaki, akina mama wangapi wamejifungua. Makarani wengine walituma majedwali ya kujumlisha kwa vidole. Yeye alikuwa amejifunza kuweka ndani ya jedwali maagizo madogo ya kulifanya lijijumlishe lenyewe. Madam ndiye aliyemwonyesha alipoenda kuwafundisha, na alimsifu kila mahali. "Kijana wa Bungoma ana kichwa," aliniambia. "Mama Faith, wewe ungekuwa na binti mkubwa ningekwambia tufanye mpango."

Lakini Simiyu alikuwa na mpango wake. Alikuwa amechumbia Nafula, binti wa shemasi mmoja wa Bokoli, na wazee walikuwa wameshakaa kikao cha kwanza.

Ijumaa hiyo ripoti haikufika. Geti iliizuia. Simiyu akaituma tena, ikazuiwa tena. Nilisikia Madam akisukuma kiti, kisha akanyanyua simu na kupiga Bungoma. Simu ya kliniki ilikuwa mapokezi, palipo na madawati ya wagonjwa, na Simiyu alikuwa ametoka kwenda posta. Aliyeshika simu alikuwa mama wa mapokezi.

"Mwambie Simiyu ana virusi," Madam akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. "Umesikia? Simiyu ana virusi. Asiguse kitu chochote mpaka nije."

Chumba chote tulisikia, na hakuna aliyeshtuka. Kwetu Kitale, ofisini, neno hilo lilikuwa la kompyuta, kama vile kipanya ni cha kompyuta. Lakini kliniki ya Bungoma ndiyo iliyokuwa ikipima watu ukimwi, na miaka hiyo virusi vilikuwa ni vya aina moja tu. Mama wa mapokezi, mbele ya wagonjwa waliojaa madawatini, akarudia kwa mshangao ili ahakikishe amesikia sawa.

"Ati Simiyu ana vilusi? Asiguse kitu?"

"Ndio. Hata meza yake mtu asikae."

Hivyo tu. Simu ikawekwa. Simiyu alirudi kutoka posta akakuta watu wamenyamaza. Mama wa mapokezi alimpa ujumbe akiwa amesimama mbali kidogo, machozi yakimlengalenga, akamwambia Mungu yupo.

Simiyu mwenyewe alielewa mara moja. Baadaye alinieleza kwamba alicheka. Alifikiri ni jambo la kuchekesha, la kusimulia jioni. Akawaambia wote pale: "Ni kompyuta, jamani, si mimi." Wakaitikia, "Sawa, sawa." Wagonjwa wakaenda nyumbani, kila mmoja kijiji chake.

Jumatatu Madam alienda Bungoma na vifaa vyake. Aliichunguza kompyuta ya Simiyu kwa programu moja, hakuona kitu. Akatumia nyingine, hakuona kitu. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alisema virusi vinavyojificha hivyo ndivyo vibaya zaidi, akaing'oa kompyuta na kuja nayo Kitale. Kwenye kikao cha wakuu wa idara aliulizwa virusi huingiaje. Akajibu kwa ukweli, kwamba mara nyingi ni watu kufungua kurasa chafu. Hakusema Simiyu amezifungua. Hakusema hajazifungua. Msimamizi akampa Simiyu likizo ya lazima, na sasa kijana akawa na mzigo wa pili: wale walioelewa kwamba ni kompyuta wakajua alikuwa akitazama uchafu ofisini.

Habari ilifika Bokoli kabla yake. Simiyu alipimwa, kwa hiari yake, tena kliniki nyingine, akapeleka majibu kwa baba yake Nafula. Hakuwa na kitu. Shemasi aliisoma karatasi taratibu, akaikunja, akamrudishia.

"Kijana, wewe si unafanya kazi kliniki?"

"Ndio, baba."

"Na hizi karatasi si ni nyinyi huandika?"

Ndipo kikao cha pili kikafutwa.

Madam hakujua habari hizi za Bokoli. Aliendelea kuimba sauti ya pili. Kisha asubuhi moja geti ilipomaliza kupokea alama mpya, faili yangu mimi, jedwali la vitanda nililolituma kila siku bila shida na ambalo sasa nililiwekea yale maagizo ya kujijumlisha, ikazuiwa. Jina la virusi lilikuwa lile lile la Bungoma. Alikuja mezani kwangu, akatazama kompyuta yangu, akarudi kwake. Nilimsikia akiandika. Alitengeneza jedwali jipya kabisa, tupu, lisilowahi kugusa mtandao, akaliwekea maagizo ya kujumlisha kama aliyomfundisha Simiyu. Akajitumia mwenyewe.

Geti ikalizuia.

Akatengeneza lingine. Likazuiwa. Akaondoa yale maagizo, likapita. Akayarudisha, likazuiwa. Hapakuwa na virusi. Waliounda geti walikuwa wameandika alama fupi mno, kiasi kwamba jedwali lolote linalojijumlisha lilifanana nayo. Ni kama polisi wakiambiwa mwizi amevaa sweta ya kijani, halafu wanakamata shule nzima.

Nilipoingia nilimkuta ameketi na viatu vyake miguuni. Ndiyo siku pekee niliyomwona navyo ndani ya chumba kile.

"Mama Faith," akasema, "yule kijana hakuwa na kitu."

Nikamweleza basi niliyoyasikia kutoka nyumbani, kwa maana mimi pia ni wa Kabuchai na nilikuwa nimetoka huko wikendi hiyo hiyo. Nilimweleza habari ya Bokoli. Aliniomba nirudie maneno aliyosema kwenye simu. Nikarudia. Akaweka mkono mdomoni.

Aliwapigia waliounda geti, akawatumia jedwali lake tupu, nao baada ya siku kadhaa wakakubali kosa na kurekebisha alama. Walimshukuru kwa msaada wake. Kisha akaenda kwa msimamizi, akamwambia waite kikao, yeye aseme mbele ya wote kwamba Simiyu hakukosea. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye shughuli.

"Madam, yaliyopita si ndwele. Tumwambie arudi kazini, yaishe."

"Kwake bado ni ndwele, bwana."

Simiyu aliitwa, akarudi. Alikaa wiki chache. Wagonjwa hawakutaka awashikie kadi zao, na mama wa mapokezi alimwekea kikombe chake peke yake, kwa upendo, kikiwa na kifuniko. Akaaga bila ugomvi na kwenda nyumbani kulima miwa na baba yake.

Nilienda na Madam Bokoli. Aliniomba kwa sababu hakujua Kibukusu na alitaka mzee yule asikie kila neno. Tulikaribishwa vizuri. Madam alikuwa amejiandaa kama mtu anayeenda kwa mahojiano. Alieleza geti, alama, jedwali, kila kitu, nami nikatafsiri nilivyoweza. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akauliza kwa Kiswahili:

"Kwa hivyo kompyuta ndiyo ilikuwa mgonjwa."

"Hapana, mzee. Haikuwa mgonjwa. Ilisemekana tu ni mgonjwa."

"Nani alisema?"

"Mashine."

"Mashine ilipiga simu?"

Madam akatazama mikono yake. "Hapana, mzee. Nilipiga mimi."

"Sawa," mzee akasema. "Umekuja vizuri, mama. Lakini umechelewa. Msichana ameshapata mwalimu wa huko Webuye, na ng'ombe tumepokea. Nikirudisha ng'ombe nitawaambia watu nini? Ati geti?"

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akiuliza kweli. Kuku alikuwa ameshachinjwa, na mgeni haondoki na njaa, kwa hivyo tukala. Nafula ndiye aliyetunawisha mikono. Alimmiminia Madam maji polepole, mpaka birika likaisha, na hakumtazama usoni.

Baada ya hapo nilimjua Madam mwingine. Ule msemo wa shangazi sikuusikia tena. Nakumbuka mchana mmoja kantini mzee wa maabara alikuwa akieleza wanafunzi jinsi wanavyopima. "Kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa," aliwaambia. "Kikisema ndio, unapima tena kwa njia nyingine. Hujafungua mdomo bado." Madam alikuwa meza ya pili. Aliacha kula. Aliniambia kwamba alikuwa amefanya kazi ukuta mmoja na maabara miaka yote hiyo, na hakuwahi kuuliza wanafanyaje.

Watu walidhani sasa angeichukia geti. Msimamizi, alipochoka na faili zinazozuiliwa, alimwagiza azime uchunguzi wote, basi kila kitu kipite. Alikataa. Alisema mlinzi akimkamata mgeni kwa kosa, humfukuzi mlinzi ukaacha boma wazi. Unamfundisha kumjua mgeni. Alikuwa ameizima alama ile moja tu mpaka iliporekebishwa, na mengine akayaacha yalivyo. Faili iliyokamatwa aliiweka kando, akaipitisha kwenye programu nyingine, kisha nyingine, na kama bado alikuwa na shaka akajaribu kuitengeneza upya mwenyewe kutoka mwanzo. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Madaktari walilalamika kwamba amekuwa mzito. Alikubali kuwa mzito.

Na alibadilisha maneno. Alimpigia mwenye faili mwenyewe, akihakikisha kwanza ni yeye aliyeshika simu, na kumwambia kwa sauti ya chini: "Faili yako imekwama kidogo, naiangalia." Neno virusi hakulitamka tena mpaka anastaafu. Hata ile siku virusi vya kweli vilipoingia kwa diski ya mtu wa eksirei na kutusumbua juma zima, yeye aliita "ile shida." Alivikamata vyote. Sikusikia kelele ng'ambo ya mbao, wala chai ya pili.

Kila Krismasi alienda Kabuchai kwa kina Simiyu. Alipeleka sukari, unga wa ngano, leso ya mama. Aliomba msamaha kwa baba, kwa mama, kwa wajomba. Mwaka mmoja aliomba nafasi kanisani kwao, akasimama mbele ya watu akaeleza tena habari yote. Wakampigia makofi. Nilikuwepo. Wakati wa kutoka nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Kumbe ni yule kijana aliyekuwa na virusi." Madam alikuwa akisalimiana na mchungaji, nami sikumwambia.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Moi's Bridge, kwake, alipokuwa ameshastaafu. Nilikuwa nimeenda kununua mahindi na nikaona siwezi kupita bila kumwona. Nilimkuta uani akigeuza mahindi kwenye turubai kwa miguu, akiburuta nyayo toka upande huu hadi ule. Alikuwa amekonda. Tukaongea habari za watoto, za bei, za wale waliotangulia. Nikamwuliza kama bado huenda Kabuchai.

"Niliacha," akasema.

Aliendelea kuburuta nyayo mpaka mwisho wa turubai kabla ya kurudi.

"Krismasi ile ya mwisho Simiyu alinisindikiza mpaka barabarani. Ameoa, unajua? Mke wa mbali, wa huko Teso, mtu asiyejua habari. Ana mtoto. Alinibebea mfuko wangu. Tulipofika akaniambia, 'Madam, mimi nilikusamehe zamani, hata kabla hujaja mara ya kwanza. Lakini naomba kitu kimoja.' Nikamwambia, sema chochote. Akasema, 'Usikuje tena. Kila ukija, watu wanakumbuka.'"

Upepo ulikuwa ukipeperusha maganda ya mahindi, naye akainama akaanza kuyaokota moja moja, ingawa yalikuwa mengi.

"Alisema kwa adabu sana, Mama Faith. Aliniita Madam."

Alinifungia mahindi ya kuchoma ya kwenda nayo. Akanifikisha hadi nje, na huko akanishika mkono akakawia kuuachia.

"Wewe bado unapita kwao."

"Napita."

"Basi ukimwona, msalimie tu. Usiseme umetumwa na nani."

Nilipita Jumamosi iliyofuata. Simiyu alikuwa shambani akikata miwa, mtoto wake ameketi kivulini. Nilimwita kutoka barabarani, nikamsalimia. Akainua panga juu kuniitikia, akauliza habari za Kitale.

"Ni nzuri," nikasema. "Ni nzuri tu."